Joho la Sufu la Arap Koros

Siku yangu ya kwanza kazini nilisimama mbele ya mahakama ya Kericho, nimefunga tai ya kuazima, na kazi yangu ikawa kutangaza kwamba nina mimba na mwanamume aliyenipa hataki kuniona. Mwenye mimba hasa alikuwa msichana mchuma chai aliyesimama kizimbani kando yangu. Yeye alisema Kikipsigis, nami nikawa namgeuzia maneno kwa Kiswahili ili hakimu aandike. Nilipofika penyewe nikaona haya, nikasema, "Anasema ana mimba." Hakimu akaweka kalamu chini akamtazama Karani Mkuu, na Karani Mkuu akanitazama mimi.

Wakati wa mapumziko aliniita ofisini kwake. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenyeji wa Kapsoit, na hakupenda kurudia jambo.

"Wewe kijana," aliniambia, "ukisimama pale mbele, wewe hakuna. Yule anaongea ndiye ako. Akisema ameiba, sema nimeiba. Akisema ako na mimba, sema niko na mimba. Ukianza na 'anasema, anasema', hakimu ataandika maneno yako, na wewe hatukukuita hapa kutoa ushahidi."

Alasiri nikarudi pale mbele nikasema, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "Niko na mimba, na huyu bwana ananijua." Vijana waliokaa nyuma wakaangua kicheko. Msichana hakucheka. Alinitazama usoni kama mtu aliyesaidiwa kubeba mzigo, na hapo ndipo nilipoielewa kazi yangu.

Ninyi mnaosoma haya huenda mkadhani ukalimani wa mahakama ni kujua lugha mbili, basi. Lugha nilikuwa nazo tangu utotoni. Wazazi wangu walitoka Kisii kuja kuchuma chai, nikazaliwa kwenye nyumba za kampuni. Mlango wa kushoto walikuwa Wakipsigis, wa kulia Wajaluo, na mtoto aliyetaka kucheza ilibidi ajue kuomba mpira kwa lugha ya mwenye mpira. Kujua lugha hakukunipa kazi yenyewe. Kazi yenyewe nilifundishwa na Karani Mkuu, na alinifundisha kwa maneno matatu: usiongeze, usipunguze, usinyooshe. Kunyoosha ndiko kunakowashinda wengi. Shahidi akisema jambo lililopinda, mkalimani mwenye huruma hutamani kumwekea sawa. Hapana. Liache limepinda, mpindo huo ni wake na hakimu ana haki ya kuuona.

Kulikuwa na kanuni moja zaidi. Wakati mwingine shahidi, hasa mtu mzima asiyeizoea mahakama, humgeukia mkalimani na kumwuliza swali yeye. Ni jambo la kawaida, kwa sababu katika jumba zima lile wewe peke yako ndiye unayesema lugha yake. Huruhusiwi kumjibu. Unamgeukia hakimu na kusema, "Shahidi amemwuliza mkalimani," kisha unalitoa swali lenyewe lilivyo. Hata hapo hutamki neno mimi. Mimi huwa ni wa shahidi siku zote.

Kutoka Kericho nilipelekwa Kipkelion, ambako mahakama ilikuwa ikiketi kwa zamu katika ukumbi wa kukodi karibu na reli ya zamani. Hakimu Mkazi wa kule alichukia sentensi ndefu, na mashahidi wa kesi za ng'ombe hawana sentensi fupi. Mtu akiulizwa kama ng'ombe ni wake huanza na bibi ya ng'ombe huyo. Nilijifunza kubeba kichwani maelezo marefu bila kuyaangusha, nikianza na mwanzo wake na kuishia mwisho wake, hakimu akihema kwa subira. Baadaye nikahamishiwa Bomet. Huko kesi zilikuwa za mipaka ya mashamba, ndugu kwa ndugu, na nilichoka roho kuliko mwili. Asubuhi nilikuwa kaka mkubwa aliyenyang'anywa, mchana nikawa kaka mdogo aliyenyang'anywa, na wote wawili nilikuwa nawaamini wakati nikiwasemea.

Mke wangu, Kerubo, alinizoea. Nikifika nyumbani jioni alinitengea ugali na kuniuliza, "Leo ulikuwa nani?" Nami nilimwambia: leo nilikuwa mwizi wa majani ya chai, leo nilikuwa bibi wa miaka mingi anayetaka talaka. Aliniambia anaogopa siku moja nitaingia nyumbani nisijue jina langu. Alikuwa akitania, lakini si sana.

Mwishowe nilirudishwa Kericho, chini ya Hakimu Mkuu, mama mmoja kutoka upande wa ziwani, mpole wa sauti, ambaye mawakili walimwogopa kwa sababu alisikiliza. Nilikuwa nimekaribia kustaafu wakati kesi ya mazishi ya Arap Koros ilipoletwa mbele yake. Nimefanya kesi nyingi, na nyingi zimeshanitoka kichwani. Hiyo haijanitoka.

Marehemu, Yahya arap Koros, alikuwa Mkipsigis wa Bomet. Ujana wake wote alifanya kazi kwenye kiwanda cha chai, upande wa boila, akilisha moto kwa magogo ya miti ya blugam. Huko aliingia Uislamu kwa kufundishwa na mwenzake wa zamu, na alipostaafu alirudi nyumbani kwake Bomet, kwa mke wake, Mama Rebeka, aliyebaki mtu wa kanisa. Kila alfajiri mzee huyo aliketi nje, nyuma ya zizi la kondoo, amejifunika joho zito la sufu ya kijivu, akilitaja jina la Mungu polepole hadi jua litoke juu ya chai. Majirani walimwita Sufi. Neno hilo walilipata kwake mwenyewe, maana waliwahi kumwuliza anafanya nini pale nje kwenye baridi, naye akawaambia yuko katika njia ya masufi.

Alipofariki, waumini wa msikiti wa mjini Kericho wakaja kumchukua wamzike siku hiyo hiyo katika makaburi yao, kama dini yao inavyotaka. Mdogo wake, Joel, akakataa. Alisema kaka yake ni wa Bomet, baba yao na mama yao wamelala pale, na hatakubali alazwe mjini kati ya watu asiowajua. Pande zote zikakimbilia mahakamani, amri ya kuzuia mazishi ikatolewa, na mwili ukabaki mochari. Kila siku kesi ilipoahirishwa, Imamu wa msikiti alishika kichwa, kwa sababu kwao kumchelewesha maiti ni kumtesa.

Wakili wa Joel alikuwa mwerevu. Alijua kwamba mahakama ikikubali marehemu alikuwa Mwislamu, msikiti ungekuwa na nguvu. Kwa hiyo akashika neno lile la majirani. Alidai kwamba miaka ya mwisho marehemu hakuonekana msikitini, kwamba alikaa nyuma ya zizi na joho lake, na kwamba sufi ni kitu kingine, si Mwislamu kama Waislamu wengine. Basi msikiti unamdai mtu asiye wake. Hakimu Mkuu akasema kwamba, kama ni hivyo, kabla ya kuamua lolote mahakama ni lazima ijue neno hilo maana yake ni nini na lilitoka wapi.

Imamu ndiye aliyepanda kizimbani. Alikuwa mzee wa Kinubi, mzaliwa wa Kericho, na Kiswahili chake hakikuhitaji mkalimani. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kuketi kwenye benchi la wazee wa Bomet na kuwageuzia kwa Kikipsigis, kwa sauti ya chini, wasikie kinachosemwa juu ya mtu wao. Mama Rebeka alikuwa mwisho wa benchi, karibu na bega langu. Tangu kesi ianze alikuwa ameinamisha kichwa, kitambaa kimefunika nusu ya uso.

Imamu alianza kwa kusema kwamba wanachuoni wenyewe hawajakubaliana. Wengi wao husema neno linatokana na suf, ambalo kwa Kiarabu ni sufu, manyoya ya kondoo. Alieleza kwamba hapo kale, katika miji ya Basra na Kufa, walikuwako wacha Mungu waliovaa sufu nzito isiyotiwa rangi wakati wakubwa wa zama zao walipokuwa wakivaa hariri. Walivaa hivyo wasije wakajisahau. Watu wakawaita kwa nguo yao, na njia yao ikaitwa tasawufi, yaani, ukilifuata neno hadi kwenye mzizi wake, kuvaa sufu. Wengine husema linatokana na safaa, usafi, kwa maana ya moyo uliosafishwa. Maelezo hayo, alisema Imamu, ni matamu kuhubiri, ila mabingwa wa Kiarabu hawayakubali, kwa kuwa neno haliwezi kuzaliwa kutoka mzizi huo. Wengine hutaja suffa, baraza ya msikiti wa Mtume kule Madina, walipolala maskini wasiokuwa na kwao. Na wengine hutaja safu, ile ya mbele katika sala.

Wakili akasimama na simu yake mkononi. Alisema yeye amesoma kwamba wapo wanaolitoa kwa Wayunani, kwenye neno lao la hekima. "Mheshimiwa," akasema, "neno lenye baba watano halina baba. Tutamzika mtu kwa neno kama hilo?"

Imamu alikubali kwamba hayo ya Wayunani nayo yamesemwa, ingawa wachache huyafuata siku hizi. Wakili akamwuliza kama Waislamu wote wanawapenda masufi. Niliona mzee akivuta pumzi. Jibu la kumsaidia alikuwa nalo, lilikuwa jepesi.

"Hapana," akasema. "Wako wenye wanasema wamezidisha. Mimi sioni hivyo, mheshimiwa, lakini nimeapa, siwezi kuficha."

Hakimu akamwuliza yeye mwenyewe anafuata maana ipi kati ya hizo.

"Mimi nafuata sufu," Imamu akajibu. "Lakini hata kondoo ako na sufu, na kondoo si sufi. Hili neno linaonyesha nguo tu. Kama unataka kujua mtu wa ndani, uliza wale waliishi na yeye."

Nilipowageuzia wazee hayo, sikuwa na neno la Kikipsigis la sufi. Nikasema tu: mtu wa manyoya ya kondoo. Mama Rebeka akainua kichwa, kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze, akanitazama. Halafu akamtazama Imamu, muda mrefu, kama mtu aliyesikia jina la nyumbani kwake likitajwa ugenini.

Kesho yake aliitwa kutoa ushahidi. Aliitwa na upande wa Joel, maana yeye ni mwanamke wa kanisa, na wakili alimtegemea aseme kwamba mumewe hakuwa na habari tena na msikiti. Alikula kiapo kwa Biblia. Nami nikasimama kando yake na tai yangu, nikawa yeye.

Wakili aliuliza, kwa upole, kama miaka ile ya mwisho mumewe alikuwa akienda msikitini. Alikuwa hawezi kutembea mbali, akajibu. Je, alikuwa sufi? Mama Rebeka akaanza kusema, na wakili alipotaka kumkatiza Hakimu aliinua mkono. Haya ndiyo niliyoyasema mahakamani siku hiyo, na nayakumbuka kwa sababu niliyasema kwa kinywa changu:

"Joho hilo nililifuma mimi. Akina mama wa kanisa letu tulifundishwa kusokota sufu, na mume wangu akaniomba nimfumie joho la sufu ya kondoo wetu, isiyotiwa rangi, isiyolainishwa. Nikamwambia litakuwasha. Akasema, najua. Alilivaa, na shingo ikachubuka hadi ikatoa maji. Mimi sikuweza kuvumilia kuiona shingo ile. Siku moja alipokuwa amelala nikachukua kitenge changu cha zamani, kilichofuliwa hadi kikawa laini, nikashona kipande ndani ya kola. Alipoamka akalivaa, akapitisha kidole shingoni. Akaenda nyuma ya zizi.

"Nikaogopa nimemharibia dini yake. Aliporudi nikamwuliza, wale watu wako wa zamani wa sufu, walikuwa na kitambaa shingoni? Akaniambia, hawakuwa na wewe. Akasema, sufu nimeivaa kwa ajili ya Mungu, na hiki umenishonea kwa mkono wako. Nikikibandua nitakuwa nimevaa kiburi. Hakukitoa hadi alipokufa. Mnaniuliza sufi ni nini. Mimi sijui Kiarabu. Najua mtu aliyetaka kuteseka kwa ajili ya Mungu wake, akaacha hata hilo ili nisiumie mimi."

Hapo sauti yangu ilinikatika, na si kanuni ya kazi sauti kukatika. Karani Mkuu wa zamani angenifukuza. Hakimu alikuwa hajaandika sentensi ya mwisho.

Wakili alijikaza. Akamwuliza swali ambalo nadhani alilijutia: je, yeye kama mke anataka marehemu awe wa msikiti au wa nyumbani? Mama Rebeka hakumtazama wakili. Alinigeukia mimi. Aliniambia kwa Kikipsigis, kama anavyoongea jirani na jirani kwenye ua, na nilitamani kumjibu kuliko nilivyowahi kutamani neno lolote katika kazi ile. Nikageuka mbele.

"Mheshimiwa, shahidi amemwuliza mkalimani: wewe unayenisemea, wewe mwenyewe ungemzika wapi?"

Joel alikuwa ameinamisha kichwa. Imamu alikuwa ametazama juu. Hakimu Mkuu akavua miwani.

"Mwambie mkalimani hawezi kujibu," alisema. "Na mwambie Mama, hapa sisi wote tumekuwa tukiuliza alikuwa nani. Hakuna mtu amemwuliza yeye anaomba nini. Mimi namwuliza. Anaomba nini?"

Nilimwambia. Akafikiri, mikono imeshika ukingo wa kizimba, kisha akasema, nami nikasema: "Naomba alale nyumbani, nyuma ya zizi, pale alipokuwa akiketi. Naomba watu wa msikiti wamwoshe, wamvike sanda yao, wamsalie, wamlaze wakimwelekeza alikokuwa akielekea. Na ndugu zake wachimbe kaburi. Mkimpeleka mjini, nitamtembelea kama mgeni. Mkimzika kwa nyimbo zangu, yeye ndiye atakuwa mgeni."

Hakimu akamwuliza Imamu kama hilo linawezekana. Imamu akasimama, akasema wangependa makaburi ya waumini, lakini ardhi yote ni ya Mungu, na kama familia itakubali wao watakwenda Bomet. Hakimu akamwuliza Joel kama atakubali. Joel alisimama polepole. Mtu huyu hakuwa mbaya. Katika siku zote hizo sikumsikia hata mara moja akimtukana kaka yake. Aliniuma moyo alivyosimama na kofia mkononi.

"Bila sanduku?" aliuliza kwa Kiswahili. "Mheshimiwa, ndugu yangu aingie kwa udongo hivyo tu?"

Nilikuwa nimeshafungua kinywa kumgeuzia Mama Rebeka, lakini alikuwa ameelewa. Akamjibu mwenyewe, kwa Kiswahili kichache ambacho hakuna aliyejua anacho, na ndiyo mara pekee katika kesi ile alipozungumza bila mimi.

"Joel," alisema. "Yeye hakuogopa sufu. Udongo ataogopa?"

Joel akafunika uso kwa kofia, mabega yakatikisika. Aliposhusha kofia akamwambia Hakimu kwamba hana neno tena, watachimba. Makubaliano yakaandikwa, zuio likaondolewa, na magari ya msikiti yakaelekea Bomet alasiri ile ile. Mimi sikwenda. Mkalimani hana upande, na mtu asiye na upande haalikwi mazishi. Niliketi kwenye benchi tupu hadi mfagiaji akaniomba niinue miguu.

Nilistaafu muda si mrefu baadaye. Walininunulia saa ya ukutani, Hakimu Mkuu akasema maneno mazuri, nikaenda zangu nyumbani Kapsoit kwenye kishamba changu cha chai. Nilidhani nitapumzika. Lakini niligundua kwamba nilikuwa mgonjwa wa ugonjwa ambao daktari hana dawa yake. Kerubo akiniuliza, "Na wewe unaonaje?" kuhusu jambo lolote, iwe ni mtoto wetu kuoa au ng'ombe kuuzwa, nilikuwa namweleza anavyoona jirani, anavyoona mtoto, anavyoona hata mnunuzi, vizuri kabisa, kila mmoja kwa sauti yake. Changu nilikuwa nakitafuta nisikione. Miaka yote ile nimesema mimi, mimi, mimi, na hata mmoja hakuwa wangu. Niliona huzuni kubwa, sitaficha. Na kila nilipojikuta hivyo, swali la Mama Rebeka lilikuja na kukaa mbele yangu: wewe mwenyewe ungemzika wapi?

Siku moja ya baridi nikamwambia Kerubo naenda Bomet kujibu swali. Hakuuliza swali gani. Alinipa sukari na majani ya chai nisifike mikono mitupu.

Nilimkuta Mama Rebeka akiwafungulia kondoo. Amezeeka, macho hayaoni vizuri. Nilimsalimia, "Chamgei," naye alipoisikia sauti yangu akasimama na mkono kwenye lango la zizi.

"Wewe ndiye uliyekuwa mimi," akasema kwa Kikipsigis.

Nikamwambia ndimi. Akanipeleka nyuma ya zizi. Kaburi lilikuwa kichuguu cha udongo tu, bila saruji, na nyasi zimelishika. Toka hapo unaona chai ikishuka hadi mtoni, na ukigeuka unaona mlango wa jikoni kwake ukiwa wazi, moshi unatoka.

"Uliniacha bila jibu," aliniambia.

"Nilikatazwa."

"Sasa hujakatazwa."

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno mengi ya maana. Yote yakanitoka. Nikasema, "Mimi ningemzika mahali unapoweza kumwona kutoka jikoni." Nilishangaa kusikia neno hilo la kwanza. Nililisema kwa Kikipsigis, lugha niliyowasemea watu maisha yangu yote, na safari hii hakuwepo mtu mwingine ndani yake.

Alitikisa kichwa kukubali, akasema twende tunywe chai kabla ya mvua. Upepo ulikuwa umeanza kutoka mtoni, na ndipo nilipoona alichovaa. Lilikuwa joho lile, la kijivu, limemzidi mabega na kuburuta nyuma. Nilitazama kola. Kipande cha kitenge hakikuwepo. Vilibaki vitundu vya sindano tu, vimepangana kuzunguka shingo, na ngozi ya shingo yake ilikuwa nyekundu.

Nikamwuliza kitambaa kimekwenda wapi.

"Nilikitoa siku ile tuliyomzika," akasema. "Yeye alikiacha pale shingoni kwa ajili yangu. Mimi nimekitoa kwa ajili yake."

"Haliwashi?"

"Linawasha sana," alisema Mama Rebeka, akalivuta joho likamfunika hadi kidevuni, akatangulia kuingia jikoni.